Huo Mpira wa Kioo Usiukate

Mtwara, msimu wa korosho

Hapana dada, sijafungwa. Wala sijalazwa, wala sijaoa huku nikasahau kwetu kama mama anavyodhani. Nipo bandarini hapa hapa, tena nimenenepa kidogo. Na hilo lidude jeusi kwenye gunia, uliloniuliza kama ni nyoka mkavu wa mganga, ni mpira wa kioo cha gari. Ni wangu. Usiukate, usiutupe, na watoto wasije wakaufanya manati. Ulivyosema umeushika na vidole vinakuwasha mpaka ngozi inabanduka, pole sana, hilo nalo nitakueleza, maana mkono wangu umo. Kwa sasa ukiugusa paka mafuta ya kula mikononi kwanza, ukimaliza nawa kwa majivu.

Haya, sasa ndiyo nikuamkie kama mtu aliyelelewa. Hujambo dada Yustina? Shemeji kifua chake kimepoa? Mama miguu inamfikisha shambani au bado anashinda jikoni akiwaamrisha? Mimi mzima, ila joto la huku linatupika bila chumvi.

Barua yako niliisomea juu ya magunia ya korosho. Nilipofika pale uliposema mgeni wenu Haule amekula jogoo, amelala, ameliacha hilo gunia uvunguni mwako mpaka arudi kutoka Songea, amekuambia mimi niko jela na baridi inaniua, nawe ukampa koti la marehemu baba aniletee akirudi, nilicheka mpaka makuli wenzangu wakadhani nimepata urithi. Halafu nikaacha kucheka. Dada, jela ya Mtwara mtu anahitaji kupepewa, sio koti. Hukujiuliza?

Lakini sikulaumu. Haule ni Mngoni, na Mngoni akipiga hodi kwa Wahehe lazima apewe kiti, mtani ni mtani. Mimi mwenyewe nilikaa naye chumba kimoja, anwani yako aliijulia hapo. Ni dereva wa lori hapa bandarini, na anatembea kama vile bandari aliichimba yeye. Sikiliza alichonifanyia, halafu uniambie kama namwonea.

Kuna mjane mmoja, Mama Anastazia, anakaa Mahurunga karibu na mto Ruvuma. Ukoo wao ulitoka ng'ambo, upande wa Msumbiji, siku nyingi. Marehemu mumewe alikuwa dereva wa Mzungu mmoja enzi zile za mashamba ya karanga, na yule Mzungu alipoondoka akamwachia gari lake. Gari la kabla ya vita vya dunia dada, lina macho ya chura na mgongo wa kobe. Lilikuwa limelala bandani, kuku wanatagia ndani. Injini nimeiamsha mimi. Breki nimezipata kwa kubembeleza mafundi mji mzima. Lakini mama yule ana sharti lake. Alituita mimi na Haule, maana na yeye alilimezea mate, akatuambia, "Wanangu, kunguruma hata simba ananguruma. Mume wangu alinilowesha humo ndani mpaka nimezeeka. Atakayenifikisha kanisani siku ya mvua, kitenge changu kikavu, huyo ataliendesha apate riziki yake na mimi nipate yangu."

Na riziki ipo. Tangu Wareno waondoke, watu wanavuka mto pale Kilambo kutwa kwenda kutazama ndugu zao, wanarudi na mizigo kichwani, kwa miguu. Mwenye gari pale ni mfalme. Na mimi magunia yamenichosha dada. Bega moja limeshuka kuliko jingine, nikisimama watu wanadhani naegemea ukuta.

Sasa basi, mvua haiingii garini kwa juu, inaingia pembeni ya vioo. Mpira wa kioo una mifereji miwili, mmoja unauma bati, mwingine unauma kioo. Mipira ile ya zamani ilikuwa imepasuka kama visigino vyangu. Nikajaribu tyubu ya baiskeli, kioo kikacheza kama jino la mtoto. Nikabandua mpira wa mlango wa friji mbovu, ukawa laini mno, maji yakapita bila hata hodi. Mtu mmoja wa mitumbwi akanishauri nizibe kwa pamba na mafuta ya ganda la korosho, kama wao wanavyoziba vyombo vyao. Hakuniambia kwamba yakiwa mabichi yanaunguza kama moto. Kiwiko changu kilibanduka ngozi kama kitunguu. Kumbe wenyeji wote wanajua. Huku mtoto akiiba korosho mbichi akaipasua kwa meno, mdomo unavimba, unakuwa mweusi, unabanduka. Mama yake haulizi swali, anachukua fimbo.

Nikakata kipande cha mpira wa zamani, kidogo tu kama kidole gumba, nikawa natembea nacho mfukoni. Kila gari lililosimama nilikwenda kulipima. Mwenye duka mmoja alinikuta nimepiga magoti mbele ya gari lake, akauliza kama nasali. Nikamwambia ndiyo, namwombea yeye. Akanifukuza na ufagio. Nimezunguka hivyo mpaka mbwa wa mjini wakanizoea. Mwishowe mpwa wa Mama Anastazia akaniambia kule ng'ambo kuna gari la Mreno mwenye duka, amelitelekeza, mbuzi wanalala ndani. Nikavuka naye kwa mtumbwi. Nikatoa kipande changu nikalinganisha na mpira wake. Dada, ni mtu na pacha wake. Wenyeji wa pale nikawaachia shati langu la Jumapili na redio, wakaniruhusu. Nikauvua mpira wote kwa sabuni na kijiti cha mwanzi, taratibu, bila kuuchana hata mahali. Nilirudi nimeuvaa begani, mtumbwini wakaniita Kamanda.

Vioo vya milango nikavimaliza. Kikabaki cha mbele. Nikauloweka mpira wake kwenye beseni la maji ya sabuni uani, ulainike, kesho yake niufunge. Kesho yake beseni lipo, sabuni ipo, mpira haupo.

Niliukuta bandarini. Haule ameupachika kwenye ukingo wa dirisha la lori lake, sehemu iliyozidi ameiviringisha kwa ndani, na mkono ameuegemeza juu yake kama gavana. Nikamwomba anirudishie. Akanijibu mbele ya makuli wote, "Mhehe, kitu cha mtani hakiibwi, kinahamishwa. Ukikasirika nitakutafutia mbwa mnono, kitoweo chenu Wahehe, utulize roho." Watu wakacheka. Na mimi nikacheka, tena kuliko wote, maana sheria unaijua, mtani akikuchezea ukinuna umeshindwa. Kisha nikaanza kumchunguza.

Haule ana tabia moja. Akisubiri zamu ya kupakua, mchana jua likiwaka, hulala humo humo kwenye lori, shavu na mdomo juu ya ukingo wa dirisha, mate yanamtoka. Na sasa ukingo ule ulikuwa na mto, mto wangu mimi. Basi nikatafuta kikopo cha mafuta ya ganda la korosho, mabichi kabisa, na unyoya wa kuku. Alipokwenda kunywa chai nikaupaka ule mpira, kwa mapenzi, kama mama anavyompaka mtoto mchanga. Kisha nikarudi kubeba magunia. Siku ile nilifanya kazi mpaka msimamizi akanisifu.

Kesho yake asubuhi, dada, mdomo wa Haule ulitangulia kufika kazini, yeye akafuata. Shavu jeusi, midomo miwili imekuwa kama minne. Na siku zile ghalani walikuwa wananung'unika kwamba korosho zinapungua. Mlinzi wa getini, Mmakonde mmoja asiyecheka hovyo, akamtazama kwa huruma kubwa, akamwuliza, "Baba mzima, umekosa hata jiwe la kupasulia?"

Basi, ikawa imekwisha. Walimpekua hawakuona kitu, kazi hakufukuzwa, lakini bandari nzima ikamwita Mtoto wa Korosho. Mama wa uji akimwona anafunika bakuli. Kwenye uraka, pombe ya mabibo, wakimwona wanasogeza vikombe. Aliapa kwa mama yake na bibi yake, ila kwa mdomo ule hata kiapo kilitoka kimevimba. Mimi nilimpa pole kuliko wote. Nilimtazama machoni, akajua ni mimi, nami nikajua kwamba amejua. Sijawahi kushiba vile bila kula.

Akaomba likizo aende kwao Songea mpaka sura ikae sawa. Barabara ya Tunduru imeshakatika kwa mvua za bara, ndiyo maana alipanda meli mpaka Dar, akakamata basi, na njiani akakukumbuka wewe na jogoo wako. Mpira wangu aliufuta kwa kitambaa akaubeba, na kwa vidole vyako inaonekana hakuufuta vizuri. Sasa nimeelewa kwa nini amekuachia wewe na sio mtu mwingine. Anataka akirudi aniumbue mbele za watu, kwamba mpira niliokuwa nautafuta ulikuwa uvunguni kwa dada yangu mwenyewe. Huo ni utani mzuri, siwezi kukataa. Ndiyo maana siwezi kumwachia.

Huku pwani mvua zinanukia. Mama Anastazia kitenge ameshakipiga pasi. Juzi alilitazama gari, akaingiza mkono pale palipo wazi mbele, akaniuliza, "Hapa baba utanizibia kwa imani?" Haule akitangulia kumfikia na huo mpira, gari ni lake, na mimi nitabeba magunia mpaka nibebwe.

Nisalimie shemeji, umwambie kifua anywe maji ya moto na tangawizi, aache ubishi wa kiualimu. Nisalimie mjomba Alfonsi wa mashine ya kusaga na shangazi Tulalumba aliyenifundisha kuiba mahindi bila kuacha nyayo. Mama mwambie sijaoa, ila asikate tamaa.

Sasa sikia mapatano yangu. Mpira uviringishe kwenye khanga kuukuu, mpe yule jirani yenu kondakta wa basi la Dar, aupakie kwenye meli kwa jina langu. Gunia lake baki nalo. Haule akirudi kutoka Songea mpokee kama mkwe, mpikie, mcheke naye. Akivua koti la baba alale, lifungie sandukuni, akiuliza asubuhi mwambie marehemu mwenyewe alikuja usiku kulifuata. Kisha mkabidhi gunia lake limeshonwa vizuri, zito vile vile, alibebe mpaka Dar, alibebe melini, aje alifungue getini kwetu mbele ya watu wote. Cha kuweka ndani chagua wewe, jogoo alikuwa wako. Sitakuuliza, niache nikione siku hiyo hiyo pamoja na wengine. Mimi kwa upande wangu, nikimshusha Mama Anastazia kanisani mkavu, barabara zikikauka nakuja nyumbani mwenyewe, na korosho zilizobanguliwa, mama anione kwa macho yake.

Mpira kwangu, gunia kwako. Ukikubali usijisumbue kuandika, mpira ukifika nitajua.

Mdogo wako,
Deo