Mama Anaingoja Sauti Yako ya Kooni

Shamba la Kleinrivier,
S.L.P. 14,
Riebeek-Kasteel.
9 Novemba 1994

Mpendwa kaka Gerrit,

Habari za Pretoria? Natumaini wewe na wifi Ansie hamjambo, na mgongo wako umepoa. Sisi tunameza vumbi la mavuno. Mama bado anadai mkate wake na jamu ya tini kila asubuhi, ila macho yamekwisha kabisa. Sasa anatujua kwa sauti tu.

Hapo ndipo penye jambo langu, na sitazunguka. Jumapili ulipopiga simu, Mama alinirudishia mkonga amenuna. "Drieka, mwambie huyu bwana hatutaki bima. Tena anajifanya mwanangu!" Nilicheka, lakini yeye hakucheka. "Gerrit wangu anakwaruza r yake kooni," akasema.

Najua ulivyoipata hiyo r ya ncha ya ulimi. Redio haikutaka r ya kwetu Swartland, ukakaa miezi mbele ya kioo ukiinyonga ile ya kooni. Nilijivunia kukusikia ukisoma habari. Lakini umestaafu, kaka. Sasa unamsomea nani?

Unakumbuka mwalimu Basson alivyotuambia r yetu ililetwa na Wafaransa waliokimbilia huku kwetu Rasi kwa ajili ya dini yao? Ukaenda kumringia Apools, aliyekuwa akikata kondoo manyoya pamoja na baba. Akakujibu, "Wee Gerrit, wazee wangu waliletwa hapa watumwa, hawana Mfaransa hata mmoja. Mbona na mimi nakwaruza?" Mama akawamaliza nyote wawili: "Ni vumbi la ngano. Kuleni!" Mpaka leo sijui nani alikuwa sahihi. Najua bonde zima linakwaruza, mwenye shamba na mvunaji, na wewe peke yako umejitoa.

Basi nimeamua. Tarehe 26 Mama anatimiza miaka tisini, na utakuja. Kuanzia Jumatano ijayo nitakupigia kila siku saa kumi, tufanye mazoezi mpaka koo lifunguke. Usiniambie umesahau. Ansie ameniambia ukikasirika unakwaruza vilevile, kwa hiyo nitakukasirisha.

Wewe unapiga kila Jumapili, kaka. Na kila Jumapili jioni Mama ananiuliza kwa nini hupigi.

Nisalimie Ansie, na mwanao Kobus na wanawe. Mungu akuongoze njia nzima, maana nimeshamwambia Mama kwamba Gerrit wake anakuja.

Dada yako akupendaye, na asiyekubali hapana,
Drieka