Gambuti ya Mbao

Fundi wangu,

Ni mimi Njeri. Nimekaa kwenye kile kigoda chako cha chuma hapa karakana yako ya baiskeli ya Mbotela, nimejifungia ndani, na nimeshaharibu karatasi mbili. Binti yako Kanini anakuja saa kumi. Sasa hivi ni saa nane na nusu. Akifika itabidi nimwambie jambo nililomficha kwa siku kumi na moja, na nikishamwambia itabidi nikate kiungo cha mwisho ulichochomelea kwa mikono yako. Nimeona heri nianze na wewe. Wewe huwezi kunifokea, ingawa ungekuwepo ungenifokea mpaka mabati yalie.

Miezi saba imepita tangu tukurudishe Ukambani tukakuzika. Karakana ingali wazi. Yule jirani anayeuza mayai bado anaegemeza trei zake kwenye ukuta wetu, na mimi bado namnunia bila kumwambia kitu. Redio yako iliharibika, nikaitengeneza, ikaharibika tena, nikaachana nayo. Mama Kanini anaendelea vizuri, ila akija hapa haketi. Anasimama kando ya baiskeli ya Kanini, anapitisha kidole pale chini pedeli zinapopita, kwenye ule mstari wako wa shaba ulioungia mabomba, halafu anaenda zake.

Baiskeli niliimaliza. Hapo ndipo penye shida.

Unakumbuka siku Kanini alipokuja kuiomba? Alikuwa amelowa chapachapa na amekasirika. Kule Mukuru kwa Reuben, ambako yeye mkunga huwafuata akina mama majumbani, mwanamke mmoja alikuwa amejifungua peke yake sakafuni kwa sababu maji yalijaa njiani na hakuna mtu wa boda aliyekubali kuingia. Mtoto alipona, lakini kwa bahati tu. "Nimechoka kubembeleza watu wa boda, Baba. Nitengenezee kitu changu." Ulichukua chaki.

Ulitaka iende mbio kwenye lami ya Jogoo Road asubuhi, hendebari imepinda chini kama pembe za kondoo, halafu iache lami iingie kwenye matope bila kulalamika. Ukaacha nafasi ya tairi nene. Ukachagua breki za diski, kwa sababu zile za kubana rimu zikinyeshewa hulewa. Ukaweka madigadi ndefu za kuzuia matope, mbele na nyuma, na kerieni ya kubebea sanduku lake la vifaa. Mimi niliuliza kwa nini tusichukue tu fremu ya mtumba Gikomba tukaibadilisha, ukaniambia, "Hiyo ilitengenezewa mtu mwingine," kana kwamba nimekuambia umvalishe binti yako meno ya jirani.

Na vile ulivyompima! Mafundi wenzako walikucheka miaka nenda miaka rudi kwa sababu hukubali kumpima mteja siku ya jua. Ulingoja inyeshe, ukampigia Kanini simu aje na kila kitu atakachovaa akiendesha: koti, mkoba, viatu. "Sipimi mtu. Napima mtu akiwa kazini." Kanini alisimama pale mlangoni na koti lake la mvua na gambuti zake nyeusi za mpira hadi magotini, na wewe ukapiga magoti kwenye maji na futi mkononi, unakohoa. Nilikuwa nimeshika mwavuli juu yako. Niliona kila kitu. Nitasemaje kwamba sikuona?

Lakini mimi nilikuwa na simu yangu, Fundi. Nilikuwa nimeangalia video zote za mafundi wa ng'ambo, na wote wanampima mtu bila viatu, mgongo ukutani, kwa utaratibu. Nilipokuonyesha ulicheka mpaka ukakosa pumzi. "Kwani mvua itamuuliza kama amevua viatu?"

Halafu ugonjwa wa kifua ukakukalia. Ulichomelea sehemu ya nyuma yote, ukachomelea bomba refu la mbele pale chini kwenye pedeli, ukisimama mara tatu kukohoa, na mara ya tatu uliniomba nikushike kiwiko. Nilikishika. Mkono ulitulia, shaba ikaingia kwenye kiungo ikatoka imelala laini pande zote. Ulizima moto, ukasema, "Ya leo imetosha." Haikufuata siku nyingine ya kazi.

Baada ya hapo ulikuwa unakaa nje kwenye jua na kisu, unachonga mbao kama babako alivyokuwa akichonga. Watoto wa majirani pale ploti walipata twiga, ndege, na kifaru mwenye pembe moja iliyovunjika. Mimi uliniachia gambuti. Gambuti moja ya mbao, ya mguu wa kulia, saizi ya mtu mzima. Uliniwekea mezani ukasema, "Hii ni ya baiskeli." Nilidhani ni pambo. Nilidhani, nisamehe, kwamba akili yako imeanza kutangatanga. Ulipoondoka niliifanya kizuizi cha mlango.

Basi nikabaki na mchoro wako wa chaki kwenye plaiwudi. Nikaangalia kile kipimo cha mbele, kutoka kwenye pedeli hadi kwenye gurudumu, nikaona ni kirefu mno. Kanini si mrefu hivyo. Nikamwita siku ya jua, nikamvua viatu, nikamsimamisha ukutani kama kwenye video, nikapiga hesabu zangu. Nikafuta chaki yako kwa kitambaa na kuandika nambari yangu kwa kalamu. Nikakata sentimita nne kwenye ncha za juu za mabomba ya mbele. Nne tu. Nilijisikia fundi siku hiyo. Nilikuwa hata nakuonea huruma.

Nimesikia hatua nje. Si yeye, ni yule wa mayai.

Siku kumi na moja zilizopita mvua ya kwanza kubwa ilinyesha. Kanini alipigiwa simu, akaichukua baiskeli yake ya manjano akatoka. Kwenye lami alipaa. Alinieleza mwenyewe baadaye kwamba alipita magari yaliyokwama kwenye foleni na akacheka peke yake. Alipofika pale malori yanapokata kuingia viwandani, akapunguza mwendo ili akunje kona aingie Reuben. Akakunja huku mguu ukiwa mbele, na ncha ya gambuti yake ikagonga madigadi ya mbele. Gurudumu likakwama. Akaanguka upande wa magari, sanduku likafunguka, glavu na pamba zikatawanyika kwenye matope. Lori lililokuwa nyuma yake lilifunga breki. Alisema aliona nati za gurudumu lake, moja moja, na angeweza kuzihesabu.

Alichubuka kiwiko, basi. Akaamka, akakusanya vitu vyake, akatembea akiisukuma baiskeli hadi kwa mama aliyempigia simu, akamzalisha. Jioni nilikuwa kwenu, tumekaa sebuleni, Kanini amefungwa bendeji. Akasema, "Baba alikuwa amechoka tu. Hiyo baiskeli si yeye, ni ugonjwa." Mama Kanini akaangalia kikombe chake akasema mikono yako ilikuwa imeishiwa nguvu. Kisha wote wawili wakanigeukia mimi, kwa sababu mimi ndiye niliyekuwa na wewe.

Nikasema, "Ni kweli. Alikuwa amechoka."

Nilisema hivyo, Fundi. Mbele ya picha yako. Nilimeza chai na ikateremka vizuri tu.

Kesho yake nilikuja kufungua, nikainama kuisogeza gambuti ya mbao, na kwa mara ya kwanza nikaigeuza. Kwenye soli ulikuwa umechonga mfereji. Nikajua kabla sijajaribu. Nikaiweka kwenye pedeli na mfereji ukakaa barabara. Nikazungusha pedeli mbele, nikakunja hendebari. Ncha ya mbao ikagonga madigadi, ko. Nikarudia, ko. Nikatafuta alama za chaki yako chini ya nambari yangu. Zilikuwa bado zinaonekana ukimulika tochi kando. Kwa kipimo chako, gambuti ingepita na nafasi ya kidole ikabaki.

Tangu hapo nimetafuta kila mlango wa nyuma. Nilifikiria kuing'oa madigadi ya mbele, lakini matope yatamwingia machoni. Nilifikiria kumwambia avae raba. Raba, Reuben, msimu wa mvua! Baiskeli nimeining'iniza hapa, namdanganya kwamba nasubiri spea, na yeye anarudi kuwabembeleza watu wa boda. Dawa ni moja tu: mabomba mapya ya mbele yenye urefu uliousema. Na lile refu umelichomelea wewe pale chini. Msumeno lazima upite kwenye mstari wako, ule ambao mama wa watoto wako huja kuugusa.

Saa kumi kasoro tano. Nimefungua mlango. Nimeirudisha gambuti kwenye pedeli ili nisipate nafasi ya kubadilisha maneno. Naogopa sana.

*

Niliiacha barua kwenye droo wiki tatu. Naimalizia leo.

Alikuja akiwa na haraka, akauliza spea imefika. Nilikunja hendebari tu. Ko. Nikamwambia hiyo gambuti ni ya nani, aliichonga nani, na ni nani aliyekata sentimita nne. Nilimwambia pia kuhusu ile chai.

Aliigusa ncha ya gambuti. Kisha akasema polepole, "Kwa hivyo Baba hakuwa amekosea." Akatabasamu, Fundi, uso wote ukafunguka, na nikadhani nimesamehewa. Halafu likamfikia lile lingine. "Ukatuacha tumseme. Kwa nyumba yake." Akatoka kwenye mvua bila kufunga koti.

Nilijua haji tena. Nilianza kukusanya vifaa. Saa nzima ikapita, kisha nikamwona anarudi, amevaa gambuti, na nyuma yake Mama Kanini na kiondo. Mkeo hakunisalimia. Alikwenda moja kwa moja kwenye baiskeli, akapitisha kidole pale pake, akaishika fremu kwa mikono yote miwili akaikaza kwenye meza. "Kata," akaniambia. "Hakuichomelea ili sisi tuiangalie tu."

Nikakata. Nililia na kukata, na Kanini alikuwa akinimulikia na simu yake, hataki kuniangalia. Shaba yako ilikuwa ngumu. Msumeno ulikataa mara mbili, ikabidi nibadilishe wembe wake. Kile kipande kilipotoka Mama Kanini alikifunga kwenye leso akakitia kiondoni, na mpaka leo kiko kando ya picha yako.

Kisha nikamwomba Kanini asimame mlangoni. Mvua ilikuwa ingali inanyesha. Nikapiga magoti pale pale kwenye maji, nikampima na koti lake, na mkoba wake, na gambuti zake. Nambari ilikuwa yako. Hata milimita haikuzidi.

Nimechomelea upya. Mstari wangu si laini kama wako, una kinundu upande wa kushoto, lakini umeshika, nimeupiga nyundo hadi jirani akalalamikia mayai yake. Gambuti ya mbao inapita, na kidole changu kinapita kati yake na madigadi. Juzi mvua ilinyesha tangu alfajiri. Kanini alikunja ile kona ya malori na kuingia Reuben, na mimi nilikuwa nimesimama ng'ambo na mwavuli bila yeye kujua. Alipita. Nadhani aliniona, maana alipiga kengele mara moja. Akija karakana bado ananisalimia "Sasa" tu. Zamani alikuwa akiniita dada. Sina haki ya kumharakisha.

Lala salama, Fundi wangu. Mteja wangu wa kwanza baada ya Kanini ni mwanamke wa Kware anayesambaza maziwa. Amelipa nusu, anataka nimpime, na nimemwambia tungoje inyeshe. Amenicheka. Na yeyote atakayeuliza kuhusu ile ajali nitamwambia ilikuwa ni mimi, hata kama hajauliza vizuri.

Gambuti iko juu ya meza, pale ulipoiweka. Mlango nauzuia kwa jiwe.

Mwanafunzi wako,
Njeri