Ratiba ya Kumwaibisha Hippolyte

Jumatatu, 6 Oktoba

Nimeona programu ya kongamano. Nimeisoma nimesimama hapa depo, kati ya saruji na misumari, na damu ikanipanda kichwani.

Beni, wiki ijayo, siku mbili. Usimamizi wa miradi, ratiba, udhibiti wa gharama. Wahandisi wote wa Butembo na Beni watakuwepo. Na Ijumaa, kikao cha kwanza kabisa cha asubuhi: "Akiba ya kilio: namna ya kupanga ratiba katika mazingira yetu." Mtoa mada: Mhandisi Hippolyte.

Akiba ya kilio! Yangu hiyo! Hata jina nililibuni mimi, mimi Keren, nilipokuwa bado mpangaji wa ratiba wa kampuni hii na siyo mlinzi wa misumari.

Mwaka jana tulikuwa tunajenga shule upande wa Lubero. Kila mtu wa kwetu anajua: mtu akifa jirani na shantie, pale tunapojenga, hakuna fundi atakayeshika mwiko. Wote wanaenda kilioni, wanakaa na wafiwa, wanazika, ndipo wanarudi. Siyo uvivu. Ndivyo tulivyo. Basi nikaziingiza siku hizo kwenye ratiba mapema, kama tunavyoingiza siku za mvua. Hippolyte ni mkurugenzi wetu wa miradi, mtu wa Kisangani, viatu vyake havijui tope. Akazifuta zote mbele ya kikao. Akacheka. "Madame, hapa tunajenga, hatulii." Na wenzangu wakacheka naye — Wanande kabisa, wenyeji wa huku huku, watu ambao wangetoka mbio kama mama wa jirani angekata roho dakika ile ile!

Haikupita muda, mke wa shemasi akafariki, nyumba inayopakana na shantie. Mafundi wakaondoka, sakafu ya zege iko nusu. Ikakauka nusu. Waliporudi kuimalizia, ikapasuka pale pale ilipoungana. Nani alaumiwe? Mpangaji. "Hakuona mbali," alisema Hippolyte. Nikapewa ufunguo wa depo.

Sikuona mbali! Na sasa anapanda jukwaani na kitu changu.

Sitalia. Nitajenga.

Jumanne, 7 Oktoba

Nimerudia kazi yangu ya zamani: nimepanga. Kulipiza kisasi ovyo ovyo ni kupiga kelele tu, na kelele wanaziweza wote.

Itakuwa hivi. Baada ya mada kuna nafasi ya maswali. Nitasimama wa kwanza. Nitasalimia vizuri, nitapongeza. Kisha nitauliza kwa sauti ya kanisani: Mhandisi, ni nani aliyefuta akiba ya kilio kwenye ratiba ya shule yetu, akisema hapa tunajenga, hatulii? Atababaika. Atasema hakumbuki. Hapo Onésime anasimama — yeye ndiye mhandisi wa shantie, alikuwepo — anasema: mimi nakumbuka. Basi. Ukumbi mzima utageuka kumtazama Hippolyte, na mimi nitakaa chini taratibu.

Ninachotaka ni kimoja. Jina langu litamkwe mbele ya watu wale wale, kwa mdomo wake yeye. Meza yangu ya kupanga ratiba itarudi yenyewe baadaye.

Chemin critique, njia inayoshika ratiba yote, ni Onésime. Akichelewa yeye, mradi wote unachelewa. Bila yeye ni neno la mama wa depo dhidi ya neno la mkurugenzi.

Jumatano, 8 Oktoba

Onésime! Mtu mrefu hivyo na moyo wa kifaranga. Nimemkuta anakula mihogo nyuma ya ofisi.

"Ma Keren, mi niko na batoto."

Nikamwambia najua, niliwabeba wote mgongoni. Na siku ile kikaoni ulicheka pia, nikasema. Akaacha kutafuna. Akasema alicheka kwa sababu chef, mkubwa wetu, alicheka. Akasema hata usingizini bado anaiona ile sakafu.

Mwishowe: "Bon. Lakini utaanza weye. Mi nitafwata nyuma."

Atafuata nyuma. Anatosha.

Ijumaa, 10 Oktoba

Nguo haiko tayari. Kitenge cha bluu, mikono mipana — siwezi kumwaibisha mkurugenzi nikiwa na koti la depo. Nimefika kwa mshonaji, kibanda kimefungwa. Jirani anasema kuna kilio kwao, shangazi.

Nilicheka peke yangu barabarani. Niliacha nafasi kabla ya safari kwa ajili ya mambo kama haya. Mimi siyo Hippolyte.

Jumapili, 12 Oktoba

Mchungaji amehubiri msamaha. Nani amemwambia? Mama alikuwa ananitazama pembeni tangu somo la kwanza. Tulipotoka akasema: "Keren, uso yako iko sawa ya mutu anangojea kitu." Nikamwambia nangojea kongamano. Akauliza watu wanaenda huko kufanya nini. Nikamwambia wanajifunza kumaliza kazi kwa wakati.

"Aah," akasema Mama, "unaendaka kumaliza mutu." Huyu mama hafai kuishi naye nyumba moja.

Jumanne, 14 Oktoba

Nguo imetoka! Imenikaa vizuri sana. Nimesema swali langu mbele ya kioo mpaka nimelijua kama Baba Yetu. Tabasamu bado ni kali mno. Nipunguze meno.

Jumatano, 15 Oktoba

Beni. Tumefika salama, asante Mungu. Mvua njia nzima, vizuizi vya kawaida, wanajeshi wanauliza tunakwenda wapi. Onésime alikaa garini mikono katikati ya magoti. Nilimpa karanga. Shahidi lazima ale.

Tuko kwenye nyumba ya wageni ya misheni. Hippolyte yuko loji nzuri kule mtaa wa Bungulu, na vijana kadhaa wa shantie aliokuja nao kubeba vifaa vya maonyesho.

Alhamisi, 16 Oktoba

Siku ya kwanza. Asubuhi udhibiti wa gharama — bwana mmoja mwenye tai alionyesha michoro mpaka nusu ya ukumbi ikasinzia. Mchana ratiba. Mwenyekiti ni Mama Germaine, mtu wa serikali, kaletwa kutoka Kinshasa, anaendesha vikao kwa kengele ndogo. Ting! Umemaliza. Ting! Anayefuata. Nimempenda. Ila nimeichunguza programu yake: vikao vimegusana mwanzo hadi mwisho. Wataalamu wa ratiba, na hawakujiachia hata nafasi ya kukohoa!

Wakati wa chai Hippolyte aliniona. Alikuwa katikati ya wakubwa, kikombe mkononi.

"Ah, Madame Keren! Depo iko sawa? Misumari haijatoroka?"

Wakacheka. Nikacheka pia, meno machache kama nilivyojizoeza. Akawageukia wenzake, akaendelea kueleza jinsi *yeye* alivyokaa na wanakijiji, *yeye* alivyogundua kwamba kilio ni sehemu ya kazi. Kwa maneno yangu! Hata mfano wa siku za mvua alikuwa nao.

Cheka, Hippolyte. Kunywa chai. Kesho.

Ijumaa, 17 Oktoba

Naandikia ukumbini, meza ya mbele. Kikao hakijaanza. Lazima niandike, la sivyo nitapasuka.

Asubuhi nilikuwa napiga pasi kitenge, Onésime akagonga. Nilidhani anakuja kujitoa. Uso ulikuwa mwingine.

"Ma Keren. Mama ya Hippolyte amekufa. Kule Kisangani. Balimupigia simu sasa hivi."

Jambo la kwanza lililonijia kichwani? Hakuna anayesoma hapa, niseme kweli. Nilisema moyoni: si angengoja mpaka saa sita! Ndiyo. Ndivyo nilivyosema. Pole ilikuja baadaye, tena kwa kuburutwa.

Nikaenda naye Bungulu. Ndege hakuna mpaka Jumapili, barabara ya Kisangani haipitiki, kwa hiyo mtu kafiwa na mama yake akiwa ugenini, amekwama. Na nimekuta nini? Turubai limeshatundikwa kwenye ua wa loji. Viti vimeazimwa kanisani. Wanawake wa jirani ambao hata hawamjui wamewasha moto, wameweka sufuria. Na waliokuwa wanafunga kamba za turubai ni wale wale vijana wa shantie, wale aliowaita wavivu walipokwenda kumzika mke wa shemasi. Hawakwenda kwenye maonyesho. Hakuna aliyewaambia.

Hippolyte alikuwa chini kwenye mkeka. Hana viatu. Analia kwa sauti. Sikujua kama anajua kulia.

Alinishika mkono. "Madame Keren. Ile kikao, fanya weye. Ni weye unajua ile planning."

Onésime alisikia. Mimi nilisikia. Mtu mwingine hakuna.

Nikauliza: "Kwa jina la nani?"

Akafunika uso. Hakujibu! Hata pale mkekani, hata na kifo pembeni, hakujibu. Basi hasira yangu yote ikarudi, moto moto. Nikasema sawa, nitafanya. Nikawaza: afadhali. Sitahitaji swali tena. Kipaza sauti kitakuwa mkononi mwangu, na yeye hatakuwepo kujitetea.

Njiani Onésime akasimama katikati ya tope.

"Ma Keren, leo hapana. Hapana sema ile maneno. Mutu iko na kilio. Weye mwenyewe uliandika: wakati ya kilio, kazi yote inasimama."

Nikamwambia hii siyo kazi, hii ni haki yangu.

"Lakini hata ile haki uliipangia ratiba," akasema.

Nilitaka kumpiga na mwavuli. Nikamuuliza siku yangu itafika lini basi, kama kila mara kuna sababu ya mimi kunyamaza. Wakati wa kucheka nilinyamaza kwa sababu yeye ni chef. Leo ninyamaze kwa sababu kafiwa. Kesho itakuwa nini? Onésime akaanza tena kutembea. Akasema tu kwamba leo yeye hatasimama. Chemin critique imekatika hivyo, kwenye tope la Bungulu.

Nimefika hapa, Mama Germaine amenikamata mikono yote miwili. Kengele yake imemwishia nguvu. Programu haina pa kusogea, kikao kikianguka vyote vinaanguka. "Tafazali, mama, utusaidie. Wanasema unajua ile dossier ya kilio kidogo."

Kidogo!

Ningemwambia pale pale. Nikameza. Ukumbi kwanza ujae. Na umejaa. Picha ya kwanza ya mada iko ukutani, jina lake herufi kubwa, ukubwa wa mlango. Nimeshatunga sentensi yangu: Ndugu wahandisi, kabla ya kuanza, jina hilo mnaloliona ukutani ni la mtu aliyefuta kazi hii. Halafu la kwangu. Fupi. Itaingia kama msumari.

Germaine amesimama. Anatangaza msiba. Anaomba tunyamaze kidogo. Tumenyamaza. Sasa ananitambulisha — "atazungumza kwa niaba ya Mhandisi Hippolyte."

Kwa niaba! Kwa NIABA! Nitasema. Naapa nitasema. Onésime anitazame atakavyo kutoka huko nyuma.

Mlango umefunguliwa.

Ni yeye. Hippolyte. Ameacha kilio chake, amekuja. Shati nje, viatu bila soksi, macho yamevimba. Anatembea katikati ya viti. Amekuja kulinda kitu chake? Au amekuja kujibu swali langu? Sijui. Ametazama jina lake ukutani. Kisha amenitazama mimi. Amefungua mdomo —

Lakini ukumbi umesimama. Wote! Mstari baada ya mstari, wale wakubwa wa chai ya jana, yule bwana wa tai, wote wanamwendea. Wamemzunguka, sasa wamepanga foleni ya kumpa pole, mmoja mmoja, mkono, kumbatio, pole papa, pole sana. Germaine ameacha kengele mezani, naye ameingia kwenye foleni. Onésime pia. Saa ya kikao imepita na hakuna hata mmoja anayeitazama. Hippolyte analia kwenye bega la fundi mkuu kutoka Lubero, na kazi yote imesimama kwa ajili yake, kama nilivyoandika.

Nimebaki peke yangu mezani. Kipaza sauti kiko mbele yangu, taa yake inawaka. Ukumbi wote ungenisikia.

Hippolyte anatafuta kitu juu ya mabega yao. Ananitafuta mimi. Foleni inafika mwisho, Onésime ananiita kwa kichwa, njoo. Watu wameanza kugeuka kuangalia ni nani bado hajatoa pole.

Mimi peke yangu sijasimama.