Sauti ya Najib

Mishomoroni, Jumapili

Dada Salha,

Shikamoo. Ujue unaandikiwa na mtengeneza filamu hodari kuliko wote pwani nzima, na shule niliiacha darasa la saba! Nimewarekodi mama tisa ambao watoto wao walichukuliwa na watu wasiojulikana, au walisafiri wasirudi. Bi Dhahabu wa Mtopanga nilipomuuliza habari za marehemu mwanawe, alinirushia kandambili.

"Marehemu ni babu yako! Wangu sema hajarudi."

Kisha akanipa chai na mahamri, akazungumza saa nzima. Mtaa mzima sasa waniita Dairekta, nami naitika.

Na mama yetu amekubali! Miaka minne tangu kaka Najib achukuliwe pale Kongowea hajalitaja jina lake mbele ya watu, na Alhamisi atalitaja mbele yangu.

Barua hii nampa jirani yetu Velma anayesafiri kesho kuja huko Maskati, maana kwa simu mama angesikia. Filamu nairekodi kwa simu ya mama. Ilijaa, nikafuta vya zamani nipate nafasi. Ule ujumbe wa sauti ambao Najib alitutumia sote mara ya mwisho, mama huusikiliza kila Ijumaa. Dada, kama unao, utume kabla ya Ijumaa. Nimeufuta, na sijamwambia.

Nduguyo,
Mwidani