Usitoe Mtumbwi wa Baba kwa Gari la Bwana Nasoro

Rumonge, karibu na soko la samaki

Kwako Yaya Eliya, kaka yangu mkubwa,

Amahoro, yaani amani, kama wanavyosalimiana huku, kutoka ng'ambo hii ya ziwa. Mimi ni mzima isipokuwa mgongo, na humu ndani nitakueleza kilichouharibu. Mama anaendeleaje na macho yake? Mke wangu Riziki bado anakohoa asubuhi? Na mihogo ya kule mlimani, nguruwe wameacha kuichimba? Ukiandika tena, anza na habari hizo. Barua yako ya mwisho ilikuwa gari, gari, gari, na kule chini kabisa, pembeni mwa karatasi, ndipo nikaona kwamba Mama alikuwa ameugua.

Niliisoma mchana nikiwa nimekaa juu ya jiwe kando ya barabara. Nilipomaliza, nilitamani kuitupa ziwani.

Unasema utampa Bwana Nasoro mtumbwi wa Baba, na wavu, na taa zote, naye akupe lile gari lake jekundu la kukaa watu wawili. Unasema gari la namna hiyo Wazungu hawalitengenezi tena, kwa hiyo kila mwaka thamani yake inapanda. Unasema utalikodisha Uvira kwa maarusi na wakubwa wa serikali. Unasema kimebaki kitu kimoja tu, neno langu, kwa kuwa Baba alituachia mtumbwi sisi wawili. Neno langu utalipata, Yaya, lakini nisikilize kwanza.

Ulipokuja kunitembelea kiangazi kilichopita, uliliona siku ya sikukuu. Uliliona likipita kati ya msikiti na soko, pale ambapo udongo ni mgumu na umenyooka. Bwana Nasoro alikupandisha, ukavaa miwani yake, ukacheka, watu wakapiga makofi. Mimi nilikuwa nimesimama kando nikitoka jasho, nawe ukadhani nimekuja kutazama kama wengine. Hukuniuliza kwa nini nilikuwa na matope mpaka kwenye magoti. Ungeniuliza, ningekuambia kwamba kazi yangu kwa Bwana Nasoro si ya mawese tena. Kazi yangu ilikuwa gari hilo.

Unajua lilikotoka? Mbelgiji wa kiwanda cha mawese aliliacha alipoondoka, wakati bendera inabadilishwa. Lilikaa bandani miaka, kuku wakitaga mayai kwenye viti. Bwana Nasoro akalichukua. Yeye si mtu mbaya. Babu yake alitoka Omani, na duka lao ni la zamani kuliko maduka yote ya hapa. Lakini gari lile lilimpanda kichwani. Alimleta fundi kutoka Bujumbura, na fundi huyo alikaa kwake muda mrefu mpaka akaoa hapahapa. Kila kipande kiliagizwa Ulaya. Kikifika kimekosea, kinarudishwa, tunangoja kingine. Na ili kulipia hayo yote, Bwana Nasoro aliuza michikichi ya Kigwena, shamba zima alilopanda baba yake. Michikichi ile ilikuwa inatoa mafuta kila msimu bila kuomba kitu. Sasa mafuta yale anayakamua mtu mwingine, na Bwana Nasoro anaosha gari.

Sisemi uongo, ni zuri. Lina rangi ya matunda ya mchikichi yaliyoiva, na moteri yake ikiwaka, mtu aliye sokoni anaacha kubishana bei ili asikilize. Siku moja wenzangu walikuwa wanalisukuma, mimi nikawekwa ndani kushika usukani. Kwa muda mfupi ule nilijiona kama mtu ambaye watu wanamjua jina. Kwa hiyo naelewa kilichokupata, Yaya. Lakini hisia hiyo haikufika hata kwenye kona.

Sasa kazi yenyewe. Gari hilo liko chini sana, tumbo lake linakaribia kugusa ardhi. Barabara yetu unaijua, ni mawe na mashimo, na mvua ikinyesha kila kijito kinapita juu yake. Basi mimi na mwenzangu Misago, mwenyeji wa Gatete, tulikuwa tunatembea mbele ya gari na kuondoa mawe. Tunainama, tunalitupa jiwe pembeni, tunainama tena. Gari linatufuata nyuma likinguruma na kutupulizia moshi. Misago alikuwa anasema kwamba gari la mbio la Rumonge linakwenda mwendo wa kiuno chake. Wanawake waliobeba mihogo kichwani walikuwa wanatupita wakitusalimu kwa heshima, kisha tunawasikia wakicheka mbele. Safari moja ya Magara ilituchukua tangu asubuhi, na tulipofika samaki walikuwa wameshauzwa, wachuuzi wamekwenda zao. Hapo ndipo mgongo wangu ulipoharibikia.

Halafu ikaja arusi. Hii nataka uisome polepole, kwa sababu wewe unataka kula kwa maarusi.

Mwalimu mmoja wa Gatete, mtu wa kwetu Kivu, alikuwa anamwoza binti yake kwa karani mmoja wa serikali. Akaomba gari la Bwana Nasoro limpeleke bibi arusi. Bwana Nasoro akafurahi mno. Akatuamuru tupake viti vya ngozi mafuta ya mawese ili vilainike na kung'aa, kama tunavyopaka ngozi ya ngoma. Tukapaka. Viti vikang'aa kweli.

Asubuhi tukafika nyumbani kwa mwalimu. Bibi arusi akatoka na gauni jeupe, na shangazi yake, Mama Veronika, amemshika mkono. Wewe unajua desturi yetu. Shangazi haachii mkono ule mpaka amkabidhi mtoto kwa watu wa mume. Lakini gari lina viti viwili, na kimoja ni cha dereva, na Bwana Nasoro haruhusu mtu mwingine kuliendesha. Watu wote pale uwanjani walihesabu kwa macho: dereva, bibi arusi, shangazi. Hakuna aliyekuwa amefikiria jambo hilo, Yaya. Si mwalimu, si karani, si Bwana Nasoro, si mimi.

Bwana Nasoro akamwomba shangazi akae nyuma, juu ya kifuniko, ashike vizuri. Mama Veronika ni mwanamke mnene, anauza mafuta sokoni, na hana haraka ya kukasirika. Akamtazama tu.

"Unikalishe kwa mugongo ya gari kama muzigo ya mihogo?" akasema. "Na mutoto wangu akae pembeni ya mwanaume mwenye hata si bwana yake? Shuka wewe."

Walimbembeleza, wakamwonyesha jua linavyopanda, wakamwambia padri anangoja. Hakusogea. Mwishowe Bwana Nasoro alishuka. Bibi arusi na shangazi wakakaa ndani, kila mmoja kwenye kiti chake, mkono kwa mkono. Moteri ikazimwa. Mimi, Misago na wajomba wa bibi arusi tukasukuma kwa nyuma, na Bwana Nasoro, na kanzu yake ya sikukuu, akatembea kando ya gari ameshika usukani kwa nje, akiuzungusha kama mtu anayevuta mbuzi kwa pembe. Wanawake walipiga vigelegele. Nadhani walikuwa wanampigia shangazi.

Kwenye kijito tukakwama. Gari likalala kwenye matope na halikutaka kuamka. Shangazi akasema inatosha, wakashuka, na hapo ndipo tukaona. Mawese yote tuliyopaka yalikuwa yamehamia kwenye gauni. Nyuma, tangu kiunoni mpaka chini, lilikuwa rangi ya chungwa. Binti alilia. Shangazi akafungua kitenge chake cha juu, akamfunga nacho, na wakaenda kanisani kwa miguu, wakafika mapema kuliko sisi tungefika. Sisi tulibaki tunachimba.

Tangu siku hiyo mji wote unamwuliza Bwana Nasoro kama gari limeshaolewa. Kwa sababu hiyo amekukumbuka wewe. Hakukupenda ghafla, Yaya. Amechoka kuchekwa.

Juzi aliniita barazani kwake, akanipa kahawa, jambo ambalo hajawahi kulifanya. Karani wa duka alikuwa amekaa hapo awe shahidi. Akasema kaka yangu ni mtu wa maendeleo, na kwamba vitu vya zamani vikitengenezwa upya ni mali kubwa kuliko vipya, na kwamba imebaki mimi niseme ndiyo. Nikamwuliza kwa adabu.

"Bwana, kama gari iko na bei kubwa kupita mtumbwi, wewe mtumbwi unautafutia nini?"

Karani akainamisha kichwa asionekane anacheka. Bwana Nasoro alifikiri kidogo, na akanijibu kweli, hilo namheshimu. Akasema mtumbwi kila ukitoka unarudi na kitu, na wachuuzi wa Magara wanangoja mchangani na vikapu, na yeye sasa hana michikichi. Kisha akajirekebisha.

"Lakini gari ni heshima, Lameki. Mtumbwi ni chakula tu."

"Basi utuachie chakula, Bwana," nikasema. "Heshima tunayo kidogo, itatutosha."

Akaniambia nisirudi tena kazini. Mke wake alinipitishia mlangoni pakiti ya chumvi na kitambaa cha kumpelekea Mama. Ndiyo hivyo. Sina kazi tena hapa.

Sasa umejua jibu langu. Ni hapana. Usilipeleke tena jambo hili kwa mchungaji wala kwa mjomba ili wanilainishe. Gari lile lina bei kwa siku ile tu anapotokea mtu wa kulitamani kama ulivyolitamani wewe. Ukishalipata, huyo mtu utamtafuta wapi? Kwetu Ubwari nzima hakuna barabara ya kulipitisha. Utaliweka chini ya mti, utalifunika, na watoto watauliza tutakula nini, nawe utawaambia kwamba thamani inapanda.

Niliondoka nyumbani kwa sababu mtumbwi mmoja ulionekana mdogo kwa ndugu wawili. Wewe ulibaki nao, na sikukuonea wivu. Leo nimerudi pale pale, sina kingine ila sehemu yangu ndani yake. Ukiutoa, umetoa na mimi.

Nisalimie Mama, mwambie kitambaa kinakuja. Nisalimie Riziki, mwambie anitayarishie majani ya kukandia mgongo. Msalimie shemeji yangu, mke wako, ambaye najua hakuulizwa kuhusu gari, na mjomba mwalimu wa kwaya, na dada yetu wa Baraka ukimwona. Wasalimie wavuvi wetu wote, na uwaambie wasifungue wavu kwenye mtumbwi kwa amri ya mtu yeyote mpaka nifike.

Nakuja na wachuuzi wa samaki wanaovuka upande wetu, mara upepo utakapotulia. Barua hii nimempa mmoja wao anayetangulia. Wewe ni mkubwa wangu. Nimekukatalia, na nimekuharibia mpango mbele ya mtu uliyemwahidi. Ukitaka kunipiga, nipige palepale mchangani ninaposhuka, watu wakiona, sitainua mkono. Ukimaliza, tuusukume mtumbwi majini, mimi nitashika upande ule mwingine.

Mdogo wako,
Lameki