Madaftari Manne ya Mwalimu Wandera

Malaba,
Jumapili mchana

Dada yangu Wakesho,

Umeamkaje huko Wundanyi? Najua utanicheka, maana mgonjwa huulizwa amelalaje. Basi, umelalaje? Uji anaokukorogea mama unakaa tumboni? Sisi huku watoto walikohoa wakapona, na mume wangu Mwakio anakoroma vilevile. Mimi mwili mzima, moyo ndio mgonjwa. Barua ya mama ilifika. Anasema madaktari wamekurudisha nyumbani, hawana tena dawa ya kukupa. Niliisomea jikoni, wali ukaungua.

Tangu nihamishiwe shule ya huku uliniomba nimtafute mwandishi wa kile kitabu chetu cha jalada la kijani, nimuulize kama yule msichana aliyevuka ziwa kumtafuta mama yake alirudi kwao. Utoto wetu wote tulilala na swali hilo kitanda kimoja. Kitabu kiliishia "itaendelea", na sehemu ya pili haikuja. Nyuma yake waliandika kwamba Mwalimu Wandera anaishi Sio Port, na kutoka hapa si mbali. Nami nikawa nasema kesho, kesho. Mwaka wa pili huu nasema kesho. Nipige kofi, dada, nimestahili.

Jana Mwakio aliazima gari la Pijo la kazini kwake, tukapakia watoto, mkate na sukari ya kupeleka. Tukayapita malori ya mpakani, tukashuka Busia, tukashika njia ya vumbi ya ziwani. Watoto waliimba mpaka Busia, kisha wakatapika mpaka Sio Port. Mimi nilikaa pale mbele nikipanga maneno ya kumwambia, moyo unanidunda kama wa bibi harusi.

Nyumba tulioneshwa na mama mmoja aliyekuwa akigeuza omena, dagaa wa ziwani, juani. Ni ya mabati, dirisha moja limezibwa kwa gunia. Mjane wa mwalimu akatoka akijifuta mikono. "Mwalimu tulishamzika," akasema. "Ilikuwa wakati wa mvua. Karibuni ndani."

Wakati wa mvua, Wakesho! Mimi nilikuwa papa hapa Malaba, nalalamikia matope.

Nililia mpaka Mwakio akaona haya. Nilipotulia nikauliza kama marehemu aliacha maandishi. Alikuwapo shemeji wa mjane, mzee mpole aliyevaa koti la mwalimu mwenyewe. "Aliacha madaftari nne," akasema. "Na sisi ndugu tuko wanne. Siku ya kugawana vitu vyake, kila mtu akapata moja."

"Mzee, lakini hiyo ilikuwa hadithi moja!"

"Ndiyo, mama. Sasa mimi ningechukua zote, si ingeleta maneno kwa boma?"

Nilitaka kumrukia. Lakini amekosa nini? Kwao vitu vya marehemu hugawanywa ili kila ndugu abaki na kitu alichokishika mwenzao. La kwanza analo yeye, amelifunga kwa kitambaa safi, na kusoma hajui. La pili liko Port Victoria. La tatu lilivuka kwenda Uganda na aliyepewa, na siku hizi za vurugu nani atamfuata mtu huko? La nne, lenye mwisho, alipewa kitinda mimba wao, mvuvi. Tukamfuata ufuoni. Akatutolea jalada tupu. Karatasi zote amezisokotea tumbaku. "Si ilikuwa yangu?" akaniuliza, na kweli hakuelewa ninalilia nini.

Tuliporudi kuaga nilimshika mjane mkono. "Mama, na wewe hakukusimulia?"

Ndipo naye akavunjika. "Alikuwa ananisomea kila jioni. Mimi natoka kwa samaki nimechoka, akianza tu nalala. Asubuhi ananiuliza, umependa? Nasema ndiyo, nimependa sana." Akajifunika uso kwa leso, tukalia sote wawili.

Njiani Mwakio akasema, "Mwandikie tu kwamba alirudi. Nani atajua?" Nimejaribu, dada. Niliandika kwamba mama yake alimwona kwa mbali akaangusha mtungi. Nilipoisoma nikaichana. Wewe ndiye uliyenifundisha kusoma, umeshika kidole changu ukikipitisha juu ya kila herufi; siwezi kukudanganya kwa herufi hizo hizo. Sijui kama alirudi. Hakuna tena anayejua duniani.

Nimeomba ruhusa nije. Mkuu wa shule amekataa mpaka muhula uishe, eti dada si mzazi. Dada si mzazi! Huyo hakubebwa mgongoni na mtu kama wewe.

Nisalimie mama, na umwambie asilie mbele yako. Msalimie shangazi wa dukani, na mjomba fundi cherehani, ambaye gauni langu bado analo. Watoto wanakuamkia. Mwakio anakupa pole, ameshindwa kuiandika mwenyewe.

Barua hii naiposti kesho. Ijumaa napanda treni, mkuu akitaka aniachishe kazi. Sina hadithi ya kukuletea, nakuja mimi tu. Kwa mwalimu nilichelewa. Wewe nisubiri, Wakesho, mpaka Jumapili. Mpaka Jumapili tu.

Mdogo wako,
Mkamburi