Mvua ya Kambi Muru

Nekesa mjukuu wangu, mwaamkaje huko Kawangware? Sisi hapa Bungoma tu wazima, na ng'ombe amezaa. Unauliza kama nilijutia kuacha ualimu na Nairobi niliyoipenda, nikaja kuotesha miche.

Darasa letu la Kambi Muru, kule Kibera, lilikuwa mabati matupu. Mvua ikinyesha, nilipaza sauti hadi inakauka. Basi wiki yangu ya kwanza huku, tukiwa tunakunywa chai, mvua ikaanza kupiga mabati. Nikamfokea babu yako aniongezee sukari. Akacheka: "Mwalimu, darasa liko wapi?"

Nikatega sikio. Miche ilikuwa inakunywa, na hakuna mtoto aliyenisubiri. Kibera naiota hadi leo, mama. Lakini siku hiyo ndiyo niliyoisikia mvua.

Shule zikifungwa, njoo tuisikilize.

Kukhu wako